Cospaia: Kijiji Kilichojitawala kwa Baraza Miaka 386

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, napiga barua za paroko, na halmashauri ikikaa mimi ndiye nishikaye kalamu. Kwa sababu hiyo watu wengi huniletea karatasi zao niwasomee. Mwaka jana walinijia ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, ambao walikuwa hawasemezani tangu mavuno. Karatasi aliyowaachia marehemu baba yao yasema kwamba shamba la mkubwa laishia mwembeni, na shamba la mdogo laanzia mwembeni. Maneno ni mazuri, tena yameandikwa kwa mkono safi. Taabu ni moja tu: miembe ni miwili. Kati ya mwembe huu na huu ni hatua arobaini, na kwa hatua hizo arobaini watoto wa tumbo moja walikuwa tayari kushikiana mapanga.

Nilipokuwa nikiisoma karatasi ile, nilikumbuka habari niliyoisoma zamani katika chuo cha ualimu. Ni habari ya mkataba uliokosewa vivyo hivyo, lakini waliokosea hawakuwa wakulima, bali makarani wa wakubwa wa Ulaya. Na kosa lao halikuzaa ugomvi. Lilizaa nchi. Nchi hiyo iliitwa Cospaia, ilikuwa ndogo kuliko vijiji vyetu vingi, nayo ilijitawala yenyewe miaka 386 bila mfalme, bila askari na bila gereza, kwa baraza la wazee tu. Leo nataka nikusimulie habari za baraza hilo, jinsi lilivyoanza, jinsi lilivyokaa, na jinsi lilivyokwisha. Ukiwa wewe ni mtu wa kuhudhuria mikutano, ya kijiji, ya jumuiya au ya chama cha ushirika, utaona ndani yake mambo unayoyajua.

Vijito viwili vya jina moja

Cospaia iko Italia, katika bonde la juu la mto Tiber, mto ule ule upitao katikati ya mji wa Roma. Katika karne ya 15 Italia haikuwa nchi moja kama ilivyo leo. Ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mtawala wake. Firenze ulikuwa mji wenye dola lake, nao ulikuwa na mabenki na fedha nyingi. Na Papa naye, mbali na kuliongoza Kanisa, alikuwa mtawala wa nchi pana, mwenye askari, kodi na mipaka kama mfalme mwingine yeyote.

Mwaka 1431 alichaguliwa Papa Eugenio IV. Utawala wake ulikuwa wa taabu. Alishindana miaka mingi na Mtaguso wa Basel, na mashindano hayo yalihitaji fedha. Basi akakopa kwa Cosimo de' Medici, tajiri mkubwa wa Firenze, florini 25,000 za dhahabu, akaweka rehani mji wa Sansepolcro pamoja na mashamba yake. Wajua mwenyewe desturi ya rehani: deni lisipolipwa, kitu huenda. Mwaka 1440 Sansepolcro ukatoka katika nchi ya Papa ukaingia katika nchi ya Firenze.

Ndipo makarani wa pande mbili wakaketi kuandika mpaka mpya. Wakaandika kwamba mpaka utakuwa kijito kiitwacho Rio. Sasa tazama, msomaji: neno rio kwa Kiitalia maana yake ni kijito tu. Ni sawasawa na kuandika kwamba mpaka uko kijitoni. Na mahali pale vijito vilikuwa viwili, kila kimoja wenyeji wakikiita Rio, na kati yake palikuwa na nafasi ya kiasi cha mita 500. Watu wa Firenze wakahesabu mpaka wao kwa kijito kilicho upande wao. Watu wa Papa nao wakahesabu kwa kijito kilicho upande wao. Katikati pakabaki kipande cha hekta 330 hivi, yaani ekari mia nane na kidogo, ambacho hakikuandikwa kwa yeyote. Katika kipande hicho kulikuwa na kijiji, nacho ndicho Cospaia.

Wanakijiji walipopata habari, hawakungoja kuulizwa. Walisema: Ikiwa sisi si wa Papa, wala si wa Firenze, basi sisi ni wa sisi wenyewe. Wakajitangazia jamhuri. Na wale wakubwa wawili, badala ya kurudi mezani na kufungua upya mkataba uliokuwa umewagharimu maneno mengi, waliona heri kunyamaza. Ekari mia nane hazikustahili vita. Tena kila mmoja aliona si vibaya kuwa na kipande kati yake na jirani yake, ambacho si cha mmoja wala cha mwingine.

Baraza lisilo na bakora

Sasa tuingie katika baraza lenyewe. Jamhuri hiyo haikuwa na rais wala waziri. Haikuwa na jeshi wala polisi. Haikuwa na gereza. Haikutoza kodi, wala haikuwa na kitabu cha sheria. Mtu asiyejua habari zake angedhani palikuwa ni fujo tupu, kila mwenye nguvu akimla asiye na nguvu. Haikuwa hivyo. Walikuwa na Baraza la Wazee na Wakuu wa Jamaa, na mambo ya wote yaliamuliwa humo.

Mwenye kukalia kiti cha baraza alikuwa padri wa kanisa la San Lorenzo, na mara nyingi alishirikiana kiti hicho na mtu wa ukoo wa Valenti, uliokuwa ukoo mkubwa kuliko zote pale. Miaka mingi walikutana nyumbani mwa Wavalenti. Kisha mwaka 1718 baraza likahamia katika kanisa la Annunziata, yaani la Kupashwa Habari Bikira Maria, nalo likakaa humo hata mwisho wa jamhuri. Juu ya mlango wa kanisa hilo yamechongwa maneno matatu makuu ya Kilatini na kiungo chake: Perpetua et firma libertas. Maana yake ni uhuru wa daima na ulio imara. Hata leo waweza kuyasoma pale pale.

Usilipuuze jambo hilo la kuhama. Mkutano ukifanyika sebuleni kwa mtu, ni vigumu kumpinga mwenye nyumba. Umekalia kiti chake, umekunywa maji yake, na ukitoka utapita mbele ya mlango wake. Lakini ndani ya kanisa hakuna mwenyeji na mgeni. Benchi la mkulima mwenye shamba dogo ni sawa na benchi la mwenye shamba kubwa. Nasi twajua katika vijiji vyetu tofauti iliyopo kati ya mkutano ulioitwa chini ya mti wa wote na mkutano ulioitwa uani kwa mwenyekiti.

Waweza kuuliza kwa nini padri. Sababu moja haiko mbali. Tangu Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, kila paroko alipaswa kutunza kitabu cha ubatizo na kitabu cha ndoa. Mahali penye serikali, vitabu hivyo ni vya Kanisa. Mahali pasipo serikali, vyafanya kazi kubwa zaidi: ndivyo vinavyoonyesha nani ni mtoto wa nani, nani ameoa wapi, na nani mrithi wa nyumba ipi. Mimi niliye karani nikilifikiri jambo hilo, kalamu huwa nzito mkononi mwangu. Jina moja likiandikwa vibaya leo, mjukuu atakosa haki yake kesho.

Lakini swali kubwa ni hili: baraza lisilo na askari lilitiiwaje? Mtu akikataa uamuzi, nani angemshika? Jibu lake ni udogo. Watu wa Cospaia walikuwa mia chache tu, nao waliishi mahali ambapo mtu aweza kutembea kutoka mpaka mmoja hata mwingine kabla uji haujapoa. Kila mmoja alimjua mwenzake, na baba wa mwenzake, na deni la mwenzake. Katika mahali kama hapo, mtu aliyekataa neno la wazee hakuhitaji gereza. Alipohitaji ng'ombe wa kulimia, au mkono wa kuezeka nyumba, au watu wa kubeba jeneza, ndipo alipojua thamani ya neno alilolikataa. Nguvu ya baraza ilikuwa katika kuhitajiana.

Ila tusipambe mno. Baraza lile lilikuwa la wakuu wa jamaa. Kijana asiye na nyumba yake alisemewa na baba yake. Na pasipo sheria iliyoandikwa, ukoo wenye sauti kubwa hubaki na sauti kubwa. Amani yao ilikuwa amani ya jamaa, na jamaa, kama tujuavyo, ina wakubwa wake na wadogo wake.

Jani lililoleta utajiri

Msomaji mkulima wa tumbaku, sehemu hii ni yako. Katika karne ya 16 Niccolò Tornabuoni, aliyekuwa balozi wa Toscana huko Paris, alimpelekea ami yake, Alfonso Tornabuoni, askofu wa Sansepolcro, mbegu za mmea mgeni uliotoka Amerika. Watu wakauita mmea huo kwa jina la ukoo wake, yaani majani ya Tornabuoni. Ndio tumbaku. Mbegu zikavuka kijito, na Cospaia ikawa mojawapo ya mahali pa kwanza katika Italia yote kulima tumbaku.

Fikiri jinsi bahati ilivyowaangukia. Katika nchi zilizowazunguka, watawala walikwisha kuona kwamba tumbaku ni fedha. Wakaitoza ushuru, wakaweka masharti juu ya kuilima na kuiuza. Lakini Cospaia hapakuwa na mtoza ushuru. Mkulima alitia miche shambani bila kuomba ruhusa, akavuna, akakausha, akauza, na fedha yote ikawa yake. Ekari zilizokuwa zikitoa nafaka ya kujikimu zikaanza kutoa mali. Hata leo jina la Cospaia limebaki katika aina ya tumbaku, na katika mji wa San Giustino, ulio karibu nao, kuna jumba la makumbusho ya tumbaku.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulipoanza ugonjwa wa jamhuri ile. Mahali pasipo ushuru katikati ya nchi mbili zenye ushuru hapawezi kubaki shamba tu. Ni lazima pawe mlango wa magendo. Bidhaa ziliingia Cospaia mchana zikatoka usiku, upande huu na upande ule. Walikuja wafanyabiashara kuweka maghala. Walikuja na watu waliokimbia madeni na mashitaka katika nchi zao, kwa kuwa askari wa nchi jirani hawakuwa na haki ya kuvuka kijito. Uhuru ule uliochongwa mlangoni mwa kanisa ukawa kichaka cha kujifichia.

Je, baraza lilikuwa wapi? Lilikuwapo, lakini baraza la namna ile halina dawa ya ugonjwa wa namna ile. Kwanza, wageni waliopita usiku hawakuwa jamaa ya mtu. Hawakuhitaji mkono wa kuezeka wala watu wa kubeba jeneza, kwa hiyo aibu haikuwafikia, na bila aibu baraza lilikuwa halina silaha nyingine. Pili, faida iliingia nyumbani mwa watu wa kijiji wenyewe. Wazee wakiketi kuamua juu ya mfereji, kila mmoja ataka maji yapite sawa. Lakini mzee gani atasimama kukataza jambo linalomjengea mwanawe nyumba? Sheria iliyo ngumu kuliko zote kutunga ni ile inayogusa mfuko wa mtunzi.

Sarafu moja ya fedha

Ikafika karne ya 19. Majirani wa Cospaia walikuwa sasa wamechoka na hasara ya ushuru. Papa Leo XII kwa upande mmoja, na Leopold II, mtawala mkuu wa Toscana, kwa upande wa pili, walikubaliana kuifunga nafasi iliyoachwa wazi tangu mwaka 1440. Mwaka 1826 wawakilishi 14 wa Cospaia walitia sahihi hati ya kujiweka chini ya utawala, na jamhuri ikaisha. Haikupigwa risasi hata moja. Kila mwenyeji alipewa sarafu moja ya fedha, na wakaruhusiwa kuendelea kulima tumbaku hadi miche nusu milioni kwa mwaka. Miaka 35 baadaye, mwaka 1861, ukatangazwa Ufalme wa Italia, na vijito vile viwili vikarudi kuwa vijito tu. Leo Cospaia ni sehemu ya wilaya ya San Giustino, katika mkoa wa Perugia.

Nasoma habari hiyo ya sarafu nikiwa na huzuni kidogo. Miaka 386 ya kujitawala, kisha sarafu moja mkononi. Lakini wazee wale 14 hatuwezi kuwacheka. Hawakuwa na jeshi la kupigana, na huenda walijua mioyoni mwao kwamba uhuru waliokuwa wakiusaini uondoke haukuwa tena ule wa baba zao.

Wengine waliojaribu

Cospaia si peke yake. Huko huko Italia, karibu na mpaka wa Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho Seborga. Zamani kilikuwa cha wamonaki wa Lérins, nao walikiuza mwaka 1729. Mwaka 1963 Giorgio Carbone, kiongozi wa chama cha wakulima wa maua, alidai kwamba mauzo yale hayakuandikishwa sawasawa, kwa hiyo kijiji si cha Italia. Hapo tena ni habari ya karatasi! Wanakijiji wakamchagua kuwa mwana wa mfalme wao, na mwaka 1995 wakapiga kura ya kujitawala: 304 wakakubali, 4 wakakataa. Lakini Italia haikuitambua kura hiyo, na watu wa Seborga wanalipa kodi ya Italia kama wengine wote.

Na katika Australia ya Magharibi kulikuwa na mkulima wa ngano, Leonard Casley. Mwaka 1970 serikali ilimpimia kiasi cha ngano atakachouza, naye akakiona ni kidogo mno. Akatangaza kwamba shamba lake, la kilometa za mraba 75, ni nchi yake, akajiita mtawala. Nchi yake ikaitwa Hutt River. Ilidumu miaka 50. Mwaka 2017 mahakama ilimwamuru alipe kodi ya dola za Australia zaidi ya milioni mbili na nusu. Alifariki mwaka 2019, na mwaka 2020 mwanawe akaifunga nchi hiyo.

Ukilinganisha hizo mbili na Cospaia, utaona tofauti. Cospaia ilidumu kwa sababu majirani waliiacha, na kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu wake barazani. Casley alikuwa na jamaa yake tu, na serikali iliyomzunguka haikumwacha. Kujitangaza ni kazi ya siku moja. Kukaa pamoja na kuamua, mwaka hata mwaka, ndiyo kazi yenyewe.

Mwembe wa kisima

Sasa turudi kwa wale ndugu wawili na miembe yao. Niliwaambia mimi ni karani, si hakimu. Wakaenda kwa wazee wa ukoo. Wazee waliketi Jumapili mbili mfululizo chini ya mwembe mmojawapo, pamoja na shangazi yao, mama mtu mzima, ambaye ndiye peke yake aliyekumbuka marehemu alikuwa akifunga mbuzi mwembe gani. Siku ya tatu walikuja wote ofisini, na mara hii ndugu wale waliingia mlango mmoja. Waliniomba niandike karatasi mpya. Niliandika hivi: mpaka ni mwembe wa dodo ulio hatua ishirini toka kisimani, upande wa machweo. Nikawasomea kwa sauti mara mbili. Shangazi akasema, "Andika na kisima ni cha nani, maana visima navyo huongezeka." Nikaandika.

Msomaji mpenzi, nikuage kwa maneno machache. Ikiwa una shamba la kuwaachia watoto, andika mpaka wake leo, ukiwa bado waweza kuuonyesha kwa mguu wako, na uite mashahidi wa pande zote mbili. Mkikutana, mkutane mahali pa wote, na aliye mdogo apewe nafasi ya kusema, hata ikiwa ni shangazi mwenye habari ya mbuzi. Na siku baraza lenu litakapofika kwenye jambo linaloingiza fedha katika nyumba za wajumbe wenyewe, hapo ndipo mtakapojua kama mnajitawala au mmejificha tu. Watu wa Cospaia walichonga neno uhuru juu ya mlango, na jiwe lile limedumu kuliko jamhuri yenyewe.